Balansi na alaimenti: usukani unaotetemeka na tairi linalolika upande

Madereva wengi tukifika gereji tunajua neno moja tu: "Fundi, nipigie alaimenti." Usukani unatetemeka, alaimenti. Tairi limelika upande, alaimenti. Gari linavuta kushoto, alaimenti. Fundi mwenye mashine hana sababu ya kukataa hela. Kazi inafanyika, na kesho yake ukishika barabara ya Morogoro usukani unatetemeka vilevile. Mimi nililipia mara mbili ndani ya mwezi mmoja kabla sijaelewa kwamba nilikuwa naumwa jino na kung'olewa kucha.

Balansi ni habari ya uzito wa gurudumu: je, limegawana uzito sawasawa pande zote? Alaimenti ni habari ya uelekeo: je, gurudumu limesimama na kutazama inavyotakiwa? Balansi ikiharibika, gari linatetemeka. Alaimenti ikiharibika, gari linakula tairi au linavuta upande, na mara nyingi halitetemeki hata kidogo.

Hakuna tairi wala rimu iliyotoka kiwandani ikiwa na uzito sawa kabisa kuizunguka. Ndiyo maana fundi hulifunga gurudumu kwenye mashine, likazungushwa, na mashine ikamwonyesha mahali pa kuongeza gramu kadhaa. Hapo hubandika au hugongea kile kipande kidogo cha chuma unachokiona ukingoni mwa rimu. Kikibanduka, balansi imekwenda.

Gramu 20 zitafanya nini kwenye gari la tani moja na zaidi? Chukua tairi la 195/65 R15, saizi ya saluni nyingi za huku kwetu. Mzunguko wake ni kama mita 2, kwa hiyo gari likiwa kilomita 100 kwa saa linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Gramu 20 ukingoni mwa rimu, kwa kasi hiyo, zinavuta kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 3 hivi, na mvuto huo unabadili upande mara zote hizo 14. Kasi ikipungua nusu, nguvu hiyo haipungui nusu, inabaki robo tu. Ndiyo maana kwenye vijiji vya kibao cha 50 usukani umetulia kama maji ya mtungi, ukivuka kibao ukafika 80 au 90 mikono inaanza kufa ganzi.

Kuna magari yanayotetemeka kwenye 90 halafu yakatulia kwenye 120, na mwenyewe akadhani tatizo limeisha. Halijaisha. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa mwendo ule ule wa bembea inapaa juu, ukisukuma haraka kupita mwendo wake haifiki mbali. Mifumo ya usukani na springi ina mwendo wake wa asili, na gurudumu linapozunguka kwa mwendo huo ndipo mtetemeko unakuwa mkubwa.

Kabla hujalipa shilingi yoyote, hasa masika, chungulia upande wa ndani wa rimu. Ukipita barabara ya vumbi iliyonyeshewa, tope linajaa humo na kukauka upande mmoja. Limwagie maji, lisugue, kisha ulijaribu gari tena.

Mtetemeko wenyewe una namna ya kusema unatoka wapi. Ukiusikia mikononi, kwa kawaida ni magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, angalia ya nyuma. Ukija pale tu unapokanyaga breki, achana na balansi na alaimenti, angalia diski, kwa sababu haziko tena na unene sawa. Ukija unapokanyaga mafuta na kupotea ukiachia, mshukiwa ni sivi jointi ya ndani, kile kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, upande wa giaboksi. Rimu za spoti nazo zina kisa chao: tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, yaani kitovu ambacho gurudumu linafungwa juu yake, gurudumu halikai katikati sawasawa, na utafanya balansi mpaka uchoke.

Lakini mtetemeko wa kuogopa ni ule wa mwendo mdogo, kilomita 20 au 40, gari likienda kama linachechemea na usukani ukiyumba polepole kushoto kulia. Hapo simama utazame tairi. Ukikuta nundu, au sehemu iliyovimba kwenye kashata, yaani mpira wenye michoro unaogusa barabara, nyuzi za ndani zimeachana. Tairi hilo halifanyiwi balansi wala halirudishwi nyuma ya gari, linatupwa. Wanunuzi wa tairi za mtumba wanalijua hili kwa uchungu, maana kashata inaweza kuwa nene na ndani kumeoza kwa uzee. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa alaimenti. Tazama kandambili za mtu aliyezivaa mwaka mzima: utajua anavyotembea bila kumwona. Tairi ni vivyo hivyo. Gurudumu likiwa na matege, yaani limelalia ndani au nje, linalika ukingo mmoja tu, laini kabisa, na ukingo wa pili unabaki mpya. Gari lililoshushwa springi hula ndani, pale usipopaona mpaka nyuzi zitokeze. Gurudumu likitazama kando badala ya mbele, kama mtu anayetembea vidole vimeingiana, linaburutwa njia nzima. Milimita 3 za tofauti kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa tairi moja ni sawa na kuliburuta kando karibu mita 5 kwa kila kilomita. Piga hesabu ya kwenda Dodoma na kurudi.

Kulika huko hukutambui kwa macho mapema, ila kwa kiganja. Pitisha mkono juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukisikia ni laini mkono ukielekea huku, na ukirudi inakwaruza kama magamba ya samaki, gurudumu halitazami mbele. Kulika kingo zote mbili na kuacha katikati ni upepo mdogo. Kulika katikati ni upepo mwingi. Mabonde-mabonde yanayofuatana kuzunguka tairi ni shokapu zilizochoka: gurudumu linadunda, linakula pale linapotua. Hapo alaimenti haisaidii kitu.

Upepo wenyewe usiulize kijana wa kujaza. Jibu lake ni psi 35 kwa kila gari. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na 230 ni kama psi 33. Pima tairi likiwa limepoa.

Na usikubali alaimenti juu ya vyuma vilivyolegea. Fundi anyanyue gari kwa jeki, ashike gurudumu juu na chini alitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, ni beringi au boljointi, kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu chini ya gari. Likicheza kushoto na kulia, ni tairodi endi, kiungo cha mwisho cha fimbo inayotoka kwenye usukani. Badilisha kwanza, ndipo upime, la sivyo vipimo vitahama kabla hujafika nyumbani. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Kwenye saluni nyingi ndogo kinachorekebishika kirahisi ni huo uelekeo wa vidole tu. Matege yakiwa yamepita kiwango, kuna chuma kimepinda au bushi, mpira wa kwenye maungio ya vyuma, imekufa, na mashine haikinyooshi.

Ukibaki na mashaka kama tatizo ni gurudumu au ni vyuma vya gari, hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma, kila moja upande wake. Kaza nati kwa kuruka, moja huku na nyingine mkabala wake, kisha ingia barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Mtetemeko ukihama kutoka mikononi kwenda kwenye kiti, peleka magurudumu tu kwenye balansi. Ukibaki mikononi, mwache fundi aingie chini ya gari.