Hodi ya jirani inaweza kuzuia kipigo

Katika shehia (mtaa wenye kiongozi wake, sheha) moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba, kuna bibi ambaye akisikia sauti zinapanda nyumba ya pili usiku, huchukua kibakuli akaenda kuomba chumvi. Kwake chumvi ipo. Hupiga hodi kwa sauti ya kusikika hadi njiani, wala haondoki mpaka afunguliwe. Bwana akitoka na uso wa hasira, humwambia, "Mwanangu, nisaidie chumvi kidogo, mchuzi wangu umepooza." Kisha huketi kibarazani, akauliza hali za watoto, akazungumzia mvua. Robo saa haipiti, ndani kumetulia. Asubuhi ndipo humtafuta mke, wakiwa wawili tu, akamuuliza kulikoni.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kisiwani humu miaka mingi, na sijaona semina inayokishinda kibakuli kile. Bibi hamtuhumu mtu. Hamhoji mke mbele ya mumewe, jambo ambalo huweza kumletea mke kipigo kikubwa zaidi mgeni akishaondoka. Anachofanya ni kumjulisha mume kwamba wapo wanaosikia. Ukitaka kumfuata nyayo, usiende peke yako, na ukijua kuna panga au mtu amelewa, usigonge kabisa: mpigie sheha na polisi.

Wengi wetu hatuendi, na sababu yake tunaijua: muhali, ile haya ya kumkabili mtu wa karibu. Namuonea muhali, ni mtoto wa ndugu yangu. Namuonea muhali, tunasali msikiti mmoja. Siupuuzi muhali, maana visiwa vidogo kama vyetu haviishiki bila ya watu kustahiana. Linaloniuma ni kwamba muhali wetu humwangukia anayepiga, na anayepigwa huambiwa asubiri. Hata kungwi anapomfunda bibi harusi humsisitizia ya ndani yasitoke nje. Ninawaomba makungwi wetu, ambao mabinti wanawaamini kuliko sisi wa ofisini, wamwambie mwari wazi kwamba siri za chumbani ni jambo moja na kupigwa ni jambo jengine, na kwamba siku akipigwa mlango wa kungwi wake uko wazi.

Kwamba jamii yenyewe inaweza kupunguza ukatili, hilo limepimwa. Mjini Kampala, Uganda, kati ya 2007 na 2012, mpango uitwao SASA! uliendeshwa na wakaazi wa kawaida waliojitolea. Hawakuhutubia. Walikaa vibarazani na masokoni wakauliza: nani ana nguvu katika nyumba hii, na anaitumiaje? Baada ya miaka hiyo, ukatili wa kimwili wa waume kwa wake ulikuwa pungufu kwa asilimia 52 katika mitaa iliyofikiwa ukilinganisha na isiyofikiwa. Mabaraza yetu yamejaa wanaume kila jioni, na kahawa ipo. Mmoja akijisifu kuwa jana "kamtia adabu" mkewe, rafiki yake akimwambia tu "hilo hukufanya vyema, bwana," neno hilo lina uzito ambao mimi mtaalamu sina.

Zungumzeni pia fedha mapema. Msimu wa karafuu tunaujua: mke amechambua na kuanika wiki nzima, mume akachukua gunia kwenda kuuza, akarudi na mkono mtupu. Ugomvi wa usiku ule ulionekana tangu karafuu zikiwa majamvini. Wazee wa pande mbili wangewaketisha mapema wakapatana fedha itagawiwaje, na hapo ndipo kazi ya hakamu, yaani msuluhishi wa wanandoa, inapofaa hasa: kwenye khitilafu, kabla mkono haujanyanyuliwa.

Mkono ukishanyanyuliwa, mambo ni mengine. Nimeona karatasi za kuandikishana mbele ya sheha, mume kaahidi hatarudia, na chini yake karatasi nyengine ya miezi michache baadaye yenye ahadi ile ile. Sheha si hakimu. Talaka na matunzo yana kadhi wake. Kumjeruhi mtu ni kosa la jinai, na halimalizwi kwa kuombana radhi ukumbini.

Aliyeumizwa apelekwe hospitali. Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Chake Chake, vimewekwa ili daktari, polisi na mshauri nasaha wapatikane pahala pamoja, asizungushwe ofisi hadi ofisi akisimulia upya. Aliyebakwa asikoge wala asifue nguo, na afike ndani ya saa 72, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifai kitu baada ya hapo. Kwa mtoto, piga 116, ni bure.

Tangu 2021 tunazo mahkama maalum za makosa ya udhalilishaji, Unguja na Pemba. Lakini hakimu hahukumu kwa yale ambayo mtaa mzima unayajua na hakuna aliyekuja kuyasema. Kwa hiyo siku ya kesi mfuateni yule mama aliyepigwa, mchangieni nauli ya gari, mkae naye kwenye benchi. Na wewe uliyesikia kila kitu kupitia ukutani, likiitwa jina lako, uwepo.