Simu ya Linux mkononi mwa mama mdogo

Mama mdogo anauza vitenge Kariakoo. Simu yake ilikuwa imejaa matangazo, na kila alipoiona yangu ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta na simu, isiyo na tangazo hata moja, alikuwa akiniambia, "Mwanangu, na mimi niwekee hiyo." Kazi yangu ni kusimamia seva. Nimeishi na Linux miaka mingi na ninaipenda. Basi nikampa moja akae nayo wiki nzima, laini yake ikiwa ndani.

Kwanza tuelewane: Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo. Hapa ninazungumzia simu zinazoendeshwa na mifumo kama Ubuntu Touch na postmarketOS, ambayo haihitaji akaunti ya Google.

Siku ya kwanza nilifurahi. Alipiga, akapigiwa, akatuma meseji. Akabonyeza *150*00#, menyu ya M-Pesa ikaja, akamlipa mwenye mzigo wake. Kwetu 2G na 3G bado zipo hewani, kwa hiyo simu isiyoweza kupiga kupitia 4G hurudi kwenye mtandao wa zamani na maongezi yakaendelea. Marekani, ambako kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022, simu ya namna hiyo inaweza isipige kabisa.

Shida ilianza kwenye WhatsApp. Kikoba chao kiko huko, na wateja huagiza huko kwa picha. Hakuna WhatsApp iliyotengenezwa kwa ajili ya mifumo hii, hivyo wengi hutumia Waydroid, inayoendesha Android nzima ndani ya Linux, kama chumba ndani ya nyumba. Ila simu ikilala ili kutunza chaji, na chumba kile kinalala. Meseji hazilii. Mama mdogo akiwasha kioo saa 7 mchana zinamiminika kwa mpigo, na mteja aliyeuliza bei saa 4 ameshanunua duka la jirani.

Hata kupigiwa kuna kisa. Simu ikiwa imelala, modemu, kifaa kinachoshika mtandao wa simu, ndiyo mlinzi wa mlangoni: lazima iiamshe prosesa, ubongo wa simu, kwanza ndipo mlio utoke. Alasiri moja nilikaa naye dukani, nikampigia huku naitazama. Kwangu inaita, yake iko kimya juu ya rundo la vitenge. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ndipo kioo kikawaka. Sasa wateja wake wa mikoani hubipu ili wapigiwe. Mlio mmoja wanakata, naye hajui hata kama ametafutwa.

Programu ya benki ilikataa kabisa kufunguka. Programu nyingi za aina hiyo huiuliza Google kama simu imethibitishwa, na Android iliyo ndani ya Waydroid kwa kawaida haipiti. Hili linaniuma, maana haliangalii kama mwenye simu ni mwangalifu au la.

Kwa hiyo, mtu mwenye simu moja tu, na riziki yake imo humo, simshauri. Mwenye kitochi cha kupigia pembeni, namshauri kwa moyo wote. Aanze na Ubuntu Touch kwenye simu inayoukubali mfumo huo: kwa nyingi hutumia draiva (programu za kuendesha vifaa vya simu) zilezile za Android, kwa hiyo kamera na sauti huwa na nafuu. Canonical, kampuni iliyouanzisha, iliuacha mfumo huo mwaka 2017, na watu wa jumuiya ya UBports wakauokota, wengi wao wakijitolea. Ninawaheshimu sana. Ukitaka kuona uhuru kwa macho, fungua kava la nyuma la PinePhone, simu iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux: kuna swichi sita ndogo za kusukuma kwa ncha ya kalamu, na mojawapo inakata maikrofoni.

Mama mdogo nimemrudishia simu yake. Niliketi nayo jioni nzima, nikafuta programu zilizokuwa zikileta matangazo, nikamwekea F-Droid, duka la programu huria za Android. Ile ya Linux ameichukua binti yake, anasomea vitabu vya shule. Haina laini.