Chakula kikikwama kifuani usiseme tu ni alsa

Mzee mmoja wa upande wa Arua, Uganda, alikuja kwetu kliniki, anasema kwanza posho (ugali) ndo ilikuwa inakwama akawa anaisukuma na maji, akaacha posho akahamia matoke laini, baadae uji, na siku tunamwona hata mate yake alikuwa anayatema kwenye kikombe. Muda wote huo ananunua dawa za alsa, yaani vidonda vya tumbo, dukani. Inaniuma, maana saratani ya umio, ule mrija wa kupeleka chakula tumboni, ni nyingi huku Afrika Mashariki na wengi wanatufikia hivyo hivyo, wamechelewa.

Kipimo chetu kikubwa bado ni endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na najua watu wanaiogopa kweli. Uingereza, Profesa Rebecca Fitzgerald wa Cambridge na wenzake walitengeneza kidonge chenye uzi: unakimeza na maji, uzi unabaki nje ya mdomo, baada ya dakika kama 7 ganda limeyeyuka tumboni na sponji ya sentimita 3 imefunguka, nesi anavuta uzi na sponji inapanda inakwangua seli za umio, zinapelekwa maabara, hakuna dawa ya usingizi wala nini. Utafiti wao wa 2020 ulikuwa na watu zaidi ya 13,000 wenye kiungulia, na njia hii iligundua Barrett, yaani ngozi ya umio iliyobadilika kwa kuunguzwa na asidi, mara kama 10 zaidi ya utaratibu wa kawaida.

Ila Barrett inaweza kuzaa saratani aina nyingine, yetu sisi mara nyingi ni ile ya skwamasi, inayoanzia kwenye seli bapa za ngozi ya kawaida ya umio. Kwa hiyo, kwa kuitafuta hiyo yetu, mimi naipenda sana rangi ya ayodini, ni ya bei nafuu: daktari anainyunyiza kupitia kamera, sehemu yenye afya inageuka kahawia, yenye shida inabaki imepauka, hapo ndo anakata kinyama cha kupima.

Na kuna wale kamera haioni kitu lakini chakula hakishuki. Hao wanahitaji manometri, waya mwembamba wa kupita puani wenye vihisio 36, unameza maji kidogo kidogo na kompyuta inachora rangi kuonyesha misuli inavyosukuma na kama mlango wa chini unafunguka. Mlango huo ukigoma kufunguka na misuli haisukumi vizuri, hiyo ni akalesia, na ina tiba.

Kwa hiyo ukija, tuambie kilianza kukwama nini. Kama ni posho kwanza na maji baadae tunafikiria kitu kinachoziba, kama ni posho na maji pamoja tangu siku ya kwanza tunafikiria misuli. Na kama umeanza kukonda usingoje mpaka uji ukwame.