Nyoka Asiyeshikika

Kila nikiingiza wageni msitu wa Kakamega usiku, swali la kwanza huwa ni fira na koboko. Siwalaumu. Koboko wa huku, yule wa kijani mwenye mkia mweusi, ana hata jina la nyumbani: mwaka 1936 mtaalamu wa reptilia Arthur Loveridge alimwita kaimosae, kutokana na Kaimosi, mahali jirani na msitu huu. Lakini miaka yote hii hajanigusa. Aliyeniuma ni kidude cheusi, unene wa kalamu, karibu na Isecheno, mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imekatika punde tu.

Tulikuwa tunatafuta vinyonga. Usiku hulala kwenye ncha za matawi, na ukiwamulika wanang'aa weupe. Basi nyoka yule akakatiza barabara ya murram, anameremeta kama aliyepakwa mafuta, macho kama vichwa vya sindano. Nikajitapa mbele ya wageni: "Huyu hana neno, anachimba udongo tu." Nikambana kwa vidole nyuma ya kichwa, vile tulivyozoea.

Kwa nyoka wengi, ukimshika hapo umeuzuia mdomo. Lakini huyu alikuwa wa Atractaspis, jamii ya nyoka wachimbaji wenye sumu, na jamii hiyo haihitaji kufungua mdomo. Chonge zao ni ndefu mno kwa kichwa kile kidogo, na moja hutokeza kando huku midomo imefumbwa. Nyoka anapinda kichwa, anachoma kwa kuvuta nyuma. Wanaishi mashimoni, wakila watoto wa panya na mijusi wa ardhini, na humo nafasi ya kuasama haipo. Ndiyo maana vidole havina pa kumshikia salama. Shingoni anakufikia, katikati ya mwili anageuka.

Nilihisi mwiba. Tundu moja tu, ubavuni mwa ukucha wa gumba. Kabla sijamaliza kumlaani, moto ulikuwa umefika kwenye kifundo cha mkono.

Dalili za kumtambua nilikuwa nimeziona, nikazipuuza. Akisumbuliwa huinua shingo kama upinde na kuchomeka pua ardhini. Mkia wake ni butu, una kijimwiba nchani, na ndio unaowafanya watu waseme ana vichwa viwili. Mkia hauna sumu, ila unakufanya utazame upande usiofaa.

Mama mmoja wa kibanda cha chai aliponiona akasema, "Pole mwanangu, ngoja nilete jiwe jeusi." Nilimshukuru, nikakataa kwa heshima. Jiwe lile mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwenye damu, sumu halivuti. Nilivua pete na saa kabla mkono haujavimba, nikaufunga kwa leso ili usitikisike, nikapanda nyuma ya pikipiki mwenzangu akiendesha. Kamba sikufunga, wembe sikugusa.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza kama nimemleta nyoka. Nilimwonyesha picha kwenye simu, na hiyo inatosha. Nyoka aliyekatwa kichwa bado anaweza kuuma. Kisha ikabidi nimweleze jambo ambalo lilinishtua mimi mwenyewe nilipolitamka: antivenomu, yaani dawa za kuzima sumu ya nyoka, tunazotumia huku hazikutengenezwa kwa sumu ya huyu. Nilipewa dawa za maumivu na sindano ya pepopunda, nikalazwa nichunguzwe moyo, kwa kuwa baadhi ya ndugu zake wana sumu inayoushambulia. Asubuhi tezi za kwapani zilikuwa zimevimba. Siku ya tatu malengelenge yakawa meusi, na kipande cha nyama kikaondolewa.

Kitandani nilimkumbuka Karl Schmidt wa Chicago. Septemba 1957 boomslang mchanga, nyoka wa mitini wa Afrika mwenye sumu, alimuuma kwenye gumba, chonge moja ndiyo iliyozama vizuri. Alikuwa bingwa wa reptilia, akaona si kitu, akakaa akiandika dalili zake. Kesho yake alifariki. Mimi sina ubingwa wake, ila ile "si kitu" naijua ilivyo tamu mdomoni.

Masika haya nimemwona mwingine kando ya mfereji. Nilichuchumaa hatua mbili kutoka kwake, fimbo imelala chini, nikapiga picha kumi na moja. Tisa zimetoka na ukungu. Hilo gumba halihisi kioo cha simu tena.