Colorado: jiji linapopiga hodi bungeni kwa ajili ya intaneti na nyumba

Mei 1, 2023, Gavana wa Colorado, jimbo la Marekani, Jared Polis, alitia saini sheria inayoruhusu serikali za mitaa za jimbo hilo kuingia kwenye huduma ya intaneti bila kwanza kuitisha kura ya wananchi. Wiki moja baadaye, Mei 8, siku ya mwisho ya kikao cha bunge la jimbo, muswada mkubwa wa nyumba ambao gavana huyohuyo alikuwa ameupigia debe kwa miezi ulikufa. Miji mingi iliufurahia ule uliopita, na ikafurahia zaidi ule uliokufa. Ukitazama kwa mbali unaweza kuiita kigeugeu. Ukisoma miswada yenyewe unakuta mambo mengine kabisa, na mengi kati ya hayo yanapishana na yale watu wanayoyaamini, ambayo nimeyaweka hapa chini kwenye alama za nukuu.

"Jiji ni serikali kamili, halina wa kumwomba"

Katiba ya Marekani haiyataji majiji popote. Mwaka 1907 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka Pittsburgh, ilisema wazi kwamba jiji ni chombo cha jimbo, na jimbo linaweza kulipanua, kulipunguza au kulifuta. Colorado imelegeza kidogo: kifungu cha 20 cha katiba yake, cha mwaka 1902 na kupanuliwa 1912, kinairuhusu miji kujiandikia hati ya kujitawala. Lakini jambo likionekana linagusa mtaa na jimbo kwa pamoja, na sheria zao zikigongana, ya jimbo ndiyo inayoshinda. Ugomvi wa nyumba unaoendelea sasa umelala juu ya swali hilohilo: je, matumizi ya kiwanja ni shauri la mtaa peke yake?

Ndiyo maana kila mwaka, kabla kikao cha bunge hakijaanza Januari, mabaraza ya miji hupitisha waraka wa msimamo wao: haya tutayaunga mkono, haya tutayapinga. Kikao ni cha siku 120 tu, wabunge ni 100 (65 chini, 35 kwenye Seneti), na miswada ni mamia. Maofisa wa jiji huisoma na kuiwekea alama: unga mkono, pinga, omba marekebisho, fuatilia. Hiyo ya tatu, kwa maoni yangu, ndiyo yenye kazi. Kupinga ni rahisi. Kuomba neno moja libadilishwe kwenye ibara ya saba kunahitaji mtu anayejua jiji linavyoendeshwa.

"Kutumia fedha za walipakodi kushawishi wabunge ni hongo iliyovaa suti"

Kwa sheria za Colorado ni halali. Mshawishi wa bungeni hujisajili kwa Katibu wa Jimbo na kutoa taarifa za malipo na miswada anayoifuatilia, na msimamo anaoubeba umepitishwa na madiwani kwenye kikao cha wazi. Unaweza kuuchukia, lakini haujafichwa.

Kinachoshangaza ni upande wa pili. Jiji linaloruhusiwa kumlipa mtu awabembeleze wabunge limekatazwa kutumia fedha zake kuwashawishi wapiga kura wake lenyewe. Suala likishaingia kwenye karatasi ya kura, madiwani wanaweza kupitisha azimio, na jiji linaweza kuchapisha maelezo yenye hoja za pande zote mbili. Zaidi ya hapo ni kosa. Katazo hilo lilikuwa na uzito wake kwenye intaneti.

"Sheria ya 2005 ilipiga marufuku intaneti ya jiji"

Haikupiga marufuku. Sheria hiyo, SB 152, iliagiza jambo moja: serikali ya mtaa isitoe huduma ya kebo, simu au intaneti ya kasi mpaka wananchi wake wapige kura. Kwa masikio ya raia hilo ni jambo jema. Nani atapinga wananchi kuulizwa?

Twende Longmont, mji ulio kaskazini mwa Denver unaomiliki shirika lake la umeme. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa na mzunguko wa faiba wa takriban kilometa 27, uliolazwa ardhini kwa ajili ya mitambo ya umeme, na sehemu kubwa ya uwezo wake ikakaa bila kazi. Mwaka 2009 mji uliwauliza wakazi kama uutumie huo waya kuwapa huduma. Kampuni za kebo kupitia chama chao zikamwaga zaidi ya dola 200,000 kwenye kampeni ya kukataa. Mji, kwa katazo lile, ulibaki na vipeperushi vya maelezo. Ulishindwa. Mwaka 2011 ukauliza tena, wapinzani wakatumia zaidi ya dola 300,000, na safari hii wakazi wakakubali. Mwaka 2013 wakapiga kura ya tatu, ya kukopa kwa hatifungani. Huduma ya NextLight ikaanza 2014, na waliojiunga mapema walilipa dola 49.95 kwa mwezi kwa gigabiti moja kwa sekunde, kasi ambayo wakati ule nyumba nyingi za Marekani hazikuwa nayo kwa bei yoyote.

Fort Collins ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 2015 wapiga kura wapatao asilimia 83 walikubali mji uwe na mamlaka hayo. Mwaka 2017 ilibidi warudi kurekebisha hati ya mji, na upande wa kukataa ukatumia zaidi ya dola 900,000 katika mji mmoja wa ukubwa wa kati. Ukashindwa hata hivyo.

Kwa hiyo sheria ile haikufunga mlango, iliweka ushuru mlangoni. Mji ambao haukuwa tayari kwa kura mbili tatu na wapinzani wenye fedha uliona bora ukae kimya. Mpaka sheria inafutwa, miaka 18 baadaye, zaidi ya miji na kaunti 100 zilikuwa zimepiga kura kujitoa, mara nyingi kwa asilimia kubwa sana. Ombi la miji bungeni halikuwa gumu kueleza: wananchi wamekwisha kujibu, acheni kuwauliza.

"Kura ikipita, waya unakuja nyumbani"

Denver ilipiga kura kujitoa mwaka 2020, tena kwa zaidi ya asilimia 80, na haikwenda kuanzisha kampuni ya kuuza intaneti nyumba kwa nyumba. Kura ilitoa ruhusa, haikutoa fedha. Fort Collins yenyewe, pamoja na hatifungani zake, ilipata wateja wa kwanza mwaka 2019 na ujenzi ukachelewa kuliko ulivyoahidiwa. Kuchimba mitaa, kupitisha bomba chini ya bustani za watu na kumtafuta mkandarasi anayemaliza kazi hakuondolewi na saini ya gavana.

Sheria ya 2023 nayo haikuja na fedha za ujenzi. Ilichofanya ni kuondoa kigingi wakati ambapo serikali ya shirikisho ilikuwa inagawa dola bilioni 42.45 za intaneti zilizotengwa mwaka 2021, na Colorado ikapangiwa takriban dola milioni 826 mwezi Juni 2023.

Wapo pia wanaosema Washington ingeweza kumaliza jambo hili zamani. Ilijaribu. Februari 2015 tume ya mawasiliano ya shirikisho, FCC, ilipiga kura 3 kwa 2 kubatilisha vizuizi vya Tennessee na North Carolina vilivyoibana miji ya Chattanooga na Wilson. Agosti 2016 mahakama ya rufaa ikaitupa amri hiyo. Ndipo kila mji ukajua kwamba ofisi ya kwenda ni bunge la jimbo lake.

"Meya akitaka, kodi ya nyumba itashuka"

Hili nimelisikia zaidi kutoka kwa wapangaji, na siwalaumu. Ila Colorado imeizuia miji kuweka ukomo wa kodi ya pango tangu 1981, baada ya wakazi wa Boulder kuanza kampeni ya kuuweka. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo ikalipanua katazo katika kesi ya Telluride, mji wa milimani wenye matajiri wa kuteleza kwenye theluji: hata kumlazimisha mjenzi atenge sehemu ya nyumba za kupanga kwa bei nafuu kukahesabiwa kuwa ni kudhibiti kodi. Ilichukua miaka 21 ya kubisha hodi mpaka sheria ya 2021 ikairudishia miji uwezo huo. Muswada wa kuondoa katazo lenyewe la 1981 ulipita bunge la chini mwaka 2023, ukafia kwenye kamati ya Seneti.

"Mji unaopinga sheria ya nyumba ya jimbo haupendi nyumba"

Muswada uliokufa Mei 2023, SB 213, ungeilazimisha miji kuruhusu nyumba ya pili uani, na katika miji mikubwa majengo ya familia kadhaa, pale ambapo kanuni ziliruhusu nyumba ya familia moja tu. Chama cha miji, Colorado Municipal League, kilisimama kidete kuupinga. Hoja yake: mipango miji ni ya wenye mji. Wanaodhani huu ulikuwa mchezo wa vyama wakumbuke kwamba Democrat walikuwa wameshika mabunge yote mawili na ikulu ya jimbo, na bado haukupita.

Mwaka uliofuata mambo yakarudi vipandevipande na kupita: nyumba za uani, maegesho ya lazima kuondolewa karibu na vituo vya usafiri, na HB 1313 inayozitaka serikali za mitaa zipatazo 30 ziruhusu wastani wa makazi 40 kwa ekari karibu na vituo hivyo. Ikapita pia sheria ya kufuta ukomo wa watu wasio na undugu kukaa nyumba moja. Fort Collins, yenye chuo kikuu, iliweka ukomo wa watatu. Wanafunzi wanne wakichangia nyumba ya vyumba vinne, mmoja wao alikuwa anavunja sheria kwa kulala.

Hapa nina upande. Kilio cha "tuachieni wenyewe" kina nguvu kwenye intaneti, kwa kuwa walioamua ndio watakaolipa na kutumia. Kwenye nyumba hakina nguvu ileile. Anayezuiwa na kanuni ya kiwanja mara nyingi ni mtu ambaye bado hajahamia, hivyo hapigi kura pale. Baraza la mji humsikia jirani mwenye nyumba, na ambaye hajafika hana kiti. Hata hivyo sikubali kwamba kila diwani aliyepinga ni adui wa wapangaji. Wengine walichotaka ni fedha za maji na mabomba ya majitaka kabla ya kuambiwa wapokee maelfu ya watu.

"Sheria ikisainiwa, ghorofa zinaanza kupanda"

HB 1313 inadai ruhusa kwenye ramani. Haimlazimishi yeyote kujenga. Mjenzi atatazama riba ya benki na bei ya mbao kama kawaida. Na miji sita, ikiwamo Aurora, Arvada na Westminster, ilifungua kesi Mei 2025 kuzipinga sheria za vituo na maegesho, ikishika kifungu kilekile cha 20 cha katiba ya jimbo.

"Haya ni ya raia, mgeni hayamhusu"

Aurora, mji jirani wa Denver, ina Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Asiye raia hapigi kura ya hatifungani wala ya hati ya mji. Lakini Colorado kila muswada hupewa nafasi ya kusikilizwa kwenye kamati, na anayetoa maoni haulizwi uraia. Anajiandikisha kwenye tovuti ya bunge, anachagua kufika Denver au kuzungumza kwa mtandao, kisha anasubiri zamu, wakati mwingine mpaka usiku. Akiitwa hupewa dakika chache, kwa kawaida mbili au tatu, sawa na mjumbe wa jiji aliyemtangulia na wa kampuni ya kebo anayemfuata.