Ile d ya I'd: sikiliza kinachofuata

Mwanafunzi wangu mmoja, mhudumu wa hoteli, alimsikia mgeni akisema I'd like the fish. Yeye akasikia I like the fish, akajibu kwa ukarimu kwamba hata yeye anapenda samaki, akaenda zake. Mgeni alikuwa anaagiza chakula. Simlaumu mwanafunzi wangu hata kidogo, kwa sababu ile d hutamkwa haraka mno: ulimi unaigusa tu, tayari umeshahamia kwenye l.

Kazi ya hiyo d ni mbili: husimama badala ya would au badala ya had. Kinachoamua ni neno linalofuata. I'd go ni would, maana go ni umbo la kwanza la kitenzi. I'd gone ni had, maana gone ni umbo la tatu. Vitenzi kama come na put, ambavyo umbo la kwanza na la tatu vinafanana, havikusaidii. Hapo sikiliza sentensi nzima. Na I'd better ni had, ingawa wengi wakiongea huimeza kabisa ile d wakasema I better go.

Sasa tazama hii: If I'd known, I'd have called you. Ya kwanza ni had, ya pili ni would. Sisi husema "ningalijua, ningalikupigia", ngali huku na ngali kule, na shuleni tulikazaniwa tusichanganye nge na ngali. Basi tukiingia kwenye Kiingereza tunabeba mazoea hayohayo: If I would have known. Utawasikia hata wenye lugha yao, hasa Wamarekani, wakisema hivyo mitaani. Lakini kwenye mtihani au barua ya kazi, upande wa if weka had.

Kwenye mazungumzo ya kasi, I'd have hufupishwa tena ikawa I'd've, silabi mbili tu, kama "aidav". Have imepoteza h, irabu yake imefifia, na kilichobaki kinasikika sawasawa na of isiyo na mkazo. Ndiyo maana hata watu waliozaliwa na Kiingereza huandika should of. Usiwafuate. Wanachosema ni should've, yaani should have. I'd've yenyewe itamke upendavyo, ila kwenye maandishi rasmi iandike kwa urefu: I would have.

Kuna mahali pamoja ambapo kufupisha hakukubaliki, na wanafunzi wangu wazuri kabisa hujikwaa hapohapo. Ukiulizwa Would you help me?, usijibu Yes, I'd. Neno la mwisho lina mkazo, na d peke yake haiwezi kuubeba. Sema Yes, I would. Ukikataa, fupisha bila wasiwasi: No, I wouldn't.