Mgeni na Mwenyeji katika Riwaya za Utopia na Distopia

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiingereza husoma utopia kama hadithi ya nchi njema na distopia kama hadithi ya nchi mbovu. Mimi huwaomba waziache kwanza sheria za nchi hizo, wamtazame anayetusimulia: je, ni mgeni mpita njia, au ni mwenyeji asiye na pa kukimbilia? Naamini swali hilo hutufikisha mbali zaidi.

Thomas More aliandika Utopia kwa Kilatini, na kitabu kikachapishwa mwaka 1516. Tafsiri ya Kiingereza ya Ralph Robinson ilitoka mwaka 1551. Habari za kisiwa hicho tunazipata kinywani mwa Raphael Hythloday, msafiri aliyeishi huko miaka mitano na ushei. Anatusifia watu wanaofanya kazi saa sita tu kwa siku, wasio na mali ya binafsi, na wanaoidharau dhahabu kiasi cha kuitengenezea minyororo ya watumwa na vyombo vya haja ndogo. Mabalozi wa Anemolia, nchi nyingine ya kubuni, walipofika wamejipamba kwa dhahabu na vito, wenyeji waliwasalimu kwa heshima watumishi wao waliovaa kawaida, wakidhani hao ndio wakubwa, na mtoto mmoja akamgusa mama yake amtazame yule mtu mzima aliyevaa vito kama mtoto mdogo. Mama akamnyamazisha, akidhani huyo ni mchekeshaji wa mabalozi.

Lakini mwenyeji wa kisiwa hicho hicho hawezi kwenda mji mwingine bila barua ya ruhusa inayotaja siku ya kurudi. Akikamatwa nje bila barua hurudishwa kwa fedheha na kuadhibiwa. Akirudia, hufanywa mtumwa. Kushauriana kuhusu mambo ya dola nje ya baraza au mkutano wa watu wote ni kosa la kifo. Hythloday anayaeleza hayo kwa utulivu uleule anaoelezea bustani, na katika kitabu kizima hatusikii mtumwa hata mmoja akisema.

William Morris, katika News from Nowhere ya mwaka 1890, alimpa mhusika wake jina la Guest, yaani mgeni, akamwamsha katika London ya siku zijazo ambamo jengo la Bunge limegeuzwa ghala la samadi. Huyo naye hutembezwa, hukirimiwa, na kila anachouliza hujibiwa.

George Orwell aliupindua utaratibu huo mwaka 1949. Katika kurasa za mwanzo za Nineteen Eighty-Four, Winston Smith anapanda ngazi kuelekea ghorofa ya saba kwa sababu lifti haifanyi kazi, na anapumzika njiani kwa kuwa ana kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Huo ndio ufundi ninaoupenda kuliko yote katika riwaya hiyo: kabla hatujaambiwa lolote kuhusu Chama kinachotawala, tumekwisha kuijua serikali kwa maumivu ya mguu. Hakuna wa kumtembeza Winston. Hata shajara yake huiandika akiwa amejibanza katika kishubaka cha ukuta ambapo skrini ya ukutani inayowapeleleza watu haimwoni.

Aldous Huxley aliwahi kuwakutanisha mgeni na mwenyeji katika mtu mmoja, mwaka 1932. Katika Brave New World, John anatoka New Mexico na kuingia London kama mgeni, akiishangilia kwa maneno ya Miranda, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, The Tempest. Anapolazimika kuishi humo, maneno yale yale yanamgeukia kuwa machungu, na mwisho wake ni kujinyonga.

Msomaji wa Kiswahili anao mfano wa karibu wa kuulinganisha na hao. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, wajumbe sita walikwenda nchi za mbali kutafuta mema ya kuifaa nchi yao, na waliporudi nayo wakatupwa gerezani. Safari zao tunazisikia mahakamani kwa Karama, ambaye ni raia wa Kusadikika na mshtakiwa, tena anayeitetea roho yake kwa simulizi hizo.